Vipuri vibovu kwenye karakana tatu: stoo ya rijekti, alama ya hali, au kufuta papo hapo?

Katoni ya betri imefunguliwa Arusha. Ndani mna seli 200 za lithiamu za aina ya 32700, zile nene za volti 3.2 zinazotumika sana kwenye taa za sola, na fundi akipima anakuta 40 zimeshuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya ukaguzi. Anazitenga kwenye kreti nyekundu, anaandika daftarini, anarudi kazini. Kule Nairobi mpangaji wa uzalishaji anafungua programu ya stoo, anaona Arusha kuna seli 200, anamwahidi mteja vifaa 50 vya seli nne nne. Kwa alichokiona kwenye skrini hajakosea hesabu. Kreti nyekundu ndiyo haimo kwenye kompyuta.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya kampuni ya namna hiyo: karakana mbili, tatu au nne, miji tofauti, pengine nchi tofauti, wote wakitazama programu moja. Nitatumia mfano wa Nairobi, Arusha na Kampala, kwa sababu mpaka wa nchi ukiingia kati, udhaifu wa kila njia hujitokeza mapema. Programu nitakazozitaja ni nne: ERPNext, InvenTree, SAP na Odoo. Zote zina namna ya kushughulikia kipuri kibovu, ila kila moja imejengwa juu ya wazo lake, na wazo hilo ndilo utakaloishi nalo hata kama programu yenyewe umeipata bure.

Mawazo yenyewe ni matatu. Kibovu kihamishiwe stoo yake. Au kibaki kilipo na kibandikwe alama ya hali. Au kitolewe kwenye hesabu hapo hapo kama kilichotupwa. Ninavyozipima mimi, swali ni hili: je, programu inaweza kujibu "kiko wapi" na "kikoje" kama maswali mawili, au jibu la moja linameza la pili? Kwenye karakana moja unaweza kuishi bila tofauti hiyo. Zikifika tatu, utasumbuka.

Stoo ya rijekti

ERPNext ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Fomu ya kupokelea mzigo ina safu ya idadi iliyokubaliwa na safu ya idadi iliyokataliwa, pamoja na mahali pa kutaja stoo ya vilivyokataliwa, palipoandikwa Rejected Warehouse. Programu haikubali stoo hiyo iwe ile ile ya mali nzima. Basi seli 160 zinaingia Arusha Stoo Kuu, 40 zinaingia Arusha Rijekti, na mpangaji wa Nairobi akichungulia stoo kuu anaona 160. Hati moja imemaliza kazi. Mtunza stoo hakuhitaji kufundishwa dhana mpya. Stoo anaijua, na kreti nyekundu sasa ina jina.

Wahasibu nao huipenda njia hii, kwa kuwa kila stoo inaweza kufungwa na akaunti yake kwenye leja. Lakini hapo hapo ndipo pa kuwa macho. Kwa kawaida yake ERPNext huingiza kilichokataliwa wakati wa kupokea bila thamani yoyote. Seli iliyopokelewa ikiwa nzima, kisha ikagundulika mbovu mezani kwa fundi wiki kadhaa baadaye, inahamishwa kwa hati ya uhamisho na inabeba thamani yake yote. Kwa hiyo seli mbili za katoni moja, zenye ugonjwa mmoja, zinakaa kreti moja: hii ina bei, ile ni sifuri. Zikitolewa kwenda Nairobi kuchunguzwa, thamani itakayotoka inategemea kama ulichagua FIFO (kilichoingia kwanza hutoka kwanza) au wastani wa bei, na mhasibu ataanza kupiga simu. Tabia hii inaweza kubadilishwa kwenye baadhi ya matoleo, hivyo kabla ya kuamua pokea mzigo wa majaribio wenye rijekti na usome leja imeandika nini. Kuna pia mpangilio wa kama ankara ya saplaya ihesabu idadi iliyokataliwa. Huo uamuliwe na mhasibu siku ya kwanza, usiachiwe kijana wa stoo.

Tatizo kubwa zaidi huja taratibu. Mwanzoni kila karakana ina stoo moja ya rijekti. Baada ya muda mtu wa ubora anasema si haki kuchanganya kinachoshukiwa na kilichothibitika, anaomba stoo ya "inasubiri kupimwa". Mnunuzi anaomba stoo ya "inarudi kwa saplaya". Mtu wa mazingira anaomba "inasubiri kuteketezwa". Mara nne kwa karakana tatu, tayari una stoo 12 kwenye orodha ya kubofya, na mtunza stoo wa zamu ya usiku anachagua iliyo juu. Mahali pamemeza hali. Na seli iliyotoka Arusha Rijekti ikiwa njiani kwenda maabara ya Nairobi, hakuna stoo hata moja kati ya hizo inayoeleza ilivyo.

Ukiamua kubaki na njia hii, panga stoo zote za rijekti kwenye tawi lao peke yake la mti wa stoo. ERPNext huruhusu kanuni ya kuagiza upya iangalie kundi zima la stoo; rijekti ikiwekwa ndani ya kundi la Arusha pamoja na stoo kuu, unajitengenezea hatari ya kuambiwa mali ipo wakati iliyopo ni mbovu.

Alama ya hali

Hapa kipuri hakihamishwi ili kitambuliwe. Kina mahali pake, na kando yake kina hali.

InvenTree, programu huria iliyotengenezwa kwa watu wa vipuri na elektroniki, imejengwa hivyo tangu msingi. Kila fungu la stoki lina idadi, mahali, namba ya bechi (kundi la uzalishaji) na hali. Hali zilizokuja nayo ni pamoja na nzima, inayohitaji kuangaliwa, iliyoharibika, iliyokataliwa, iliyopotea, iliyoteketezwa, karantini na iliyorudishwa. Seli 40 zinaweza kuwa Arusha na karantini. Zikipakiwa kwenda Nairobi, mahali panabadilika na karantini inabaki. Historia ya fungu inaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Matoleo ya karibuni yanakuruhusu pia kuongeza hali zako mwenyewe zikiegemea moja ya zile za asili, kwa hiyo unaweza kuwa na "inasubiri maabara" ambayo programu inaichukulia kama karantini.

Ila kuna mtego ambao sijui kwa nini hausemwi kwa sauti. Kwenye InvenTree, hali iitwayo Damaged, yaani iliyoharibika, huhesabiwa bado ni stoki inayopatikana. Karantini na iliyokataliwa hazihesabiwi. Ukimwambia mtunza stoo "ikiwa mbovu weka iliyoharibika", jambo ambalo kila mtu angesema kwa akili ya kawaida, zile seli 40 zitaendelea kutokea kwenye hesabu ya mpangaji kama kawaida. Mpe maneno mawili tu ya kutumia: karantini kwa kinachoshukiwa, kukataliwa kwa kilichothibitika. Mengine ayasahau.

La pili la kuzingatia: hali ni ya fungu zima. Huwezi kusema 40 kati ya 200 ni karantini mpaka umezigawa ziwe fungu lake, ndipo ubadilishe hali. Ni hatua ya ziada kwa mtu mwenye glavu mikononi na foleni ya mizigo mlangoni, na hatua ya ziada ndiyo inayorukwa. Programu yake ya simu inayosoma msimbo inasaidia hapo. Udhaifu mwingine ni wa upande wa pesa: InvenTree inajua bei za vipuri lakini si programu ya uhasibu, haina leja. Thamani ya rijekti utaipeleka kwenye mfumo mwingine kwa mkono au kwa kuunganisha.

SAP nayo ni ya ukoo huu, kwa wenye mfuko. Stoki ya kila kiwanda imegawanywa katika mafungu matatu makuu: iliyo huru kutumika, iliyo kwenye ukaguzi, na iliyozuiwa. Kila hama hama ina namba yake. 344 hutoa kwenye huru kupeleka kwenye kuzuiwa, 350 hutoa kwenye ukaguzi kupeleka kwenye kuzuiwa, 555 huteketeza kilichozuiwa. Mahali na hali vimetenganishwa vizuri, uhasibu uko ndani, na mkaguzi akija anapewa kila kitu kwa tarehe.

Sasa jaribu kuhamisha seli zilizozuiwa kutoka kiwanda cha Arusha kwenda kiwanda cha Nairobi. Uhamisho wa kawaida wa kiwanda kwa kiwanda, namba 301, huchukua kutoka stoki iliyo huru na kushusha kwenye stoki iliyo huru. Maana yake uzifungue kwanza, uzihamishe, uzizuie tena Nairobi. Kwa muda huo, uwe dakika tano au siku nzima kama mtu wa Nairobi ameenda chakula na hakurudi, seli mbovu 40 zimesimama kwenye mfumo kama nzima. Mafundi wa SAP wana njia za kulizunguka hilo, na watakutoza kwa ajili yake. Kumbuka vilevile kwamba katika kupanga mahitaji, SAP huhesabu stoki iliyo kwenye ukaguzi kuwa itapatikana, wakati iliyozuiwa kwa kawaida haihesabiwi. Kinachoshukiwa sana kisiachwe kwenye ukaguzi kwa mazoea.

Kufuta papo hapo

Odoo ina kitufe cha Scrap karibu kila mahali: kwenye mapokezi, kwenye oda ya uzalishaji, kwenye stoki yenyewe. Bofya, taja idadi, kipuri kinahamia mahali pa kufikirika, nje ya stoo zote, na kama uthaminishaji wa moja kwa moja umewashwa thamani yake inatoka kwenye leja saa hiyo hiyo. Safi na haraka. Kwa skrubu, waya, viunganishi vya bei ya chini na vitu vilivyovunjika mikononi mwa fundi, sioni sababu ya kutumia kingine.

Kwa seli za betri ni kosa. Ukishafuta, ushahidi wako wa kumdai saplaya umehamia mahali ambapo hakuna mtu anapoangalia, na kama maabara itasema 25 kati ya zile 40 zilikuwa nzima, hakuna kitufe cha kurudisha. Unatengeneza uhamisho wa kinyume na kueleza kwa mhasibu.

Odoo hailazimishi kufuta. Unaweza kuwasha mahali pengi pa kuhifadhia na kuunda karantini yako kwa kila karakana, yaani unarudi kwenye wazo la kwanza. Kosa linalofanywa ni kuiweka karantini hiyo chini ya WH/Stock, mahali pakuu pa stoki kwenye Odoo. Odoo itaihesabu kuwa sehemu ya stoki na inaweza kuitengea oda ya uzalishaji. Iweke kando ya Stock, isiwe ndani yake. Moduli kamili ya ubora, yenye vituo vya ukaguzi, iko kwenye toleo la kulipia tu. Wengi hugundua hili wakiwa wameshafunga toleo la bure.

| Swali | Stoo ya rijekti | Alama ya hali | Kufuta papo hapo |
|---|---|---|---|
| Mtunza stoo mpya ataelewa lini? | Siku hiyo hiyo | Akishafundishwa na kukosolewa kidogo | Mara moja, na ndiyo hatari yake |
| Kinachoshukiwa kinatofautishwa na kilichothibitika? | Kwa kuongeza stoo | Ndiyo | Hapana |
| Kikihama karakana, hali inabaki? | Ukiwa na stoo pacha upande wa pili | InvenTree ndiyo. SAP kwa mzunguko | Hakihami tena |
| Leja | Imo, ila chunguza thamani | SAP imo, InvenTree haimo | Imo |
| Kumdai saplaya | Inawezekana | Rahisi, bechi na historia zipo | Vigumu |

Mpaka, ndege na namba ya bechi

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001:2015, kifungu cha 8.7, kinataka kitu kisichokidhi matakwa kitambuliwe na kudhibitiwa kisije kikatumika bila kukusudia, na kumbukumbu itunzwe ikionyesha kasoro, hatua iliyochukuliwa na nani aliyeamua. Hakisemi utumie stoo au alama. Kwenye karakana nyingi ugumu uko kwenye lile neno "nani". Kama Arusha ina mtu mwenye mamlaka ya kuamua na vipimo vya kuamulia, kipuri hakina haja ya kusafiri, na stoo ya rijekti pale pale inatosha. Kama uamuzi wote uko Nairobi, kipuri au angalau sampuli yake itasafiri ikiwa haijulikani ilivyo, na hapo alama inayosafiri nacho inakuwa na thamani kubwa.

Kusafiri kwenyewe si bure. Kipuri kibovu kikipita Namanga ni mzigo kama mzigo mwingine, kina hati zake za forodha. Karakana zilizo nchi tofauti mara nyingi ni kampuni tofauti kisheria, kwa hiyo ambacho kwenye skrini ni uhamisho wa ndani, kwenye vitabu kinaweza kuwa mauzo, na VAT ya Kenya ni asilimia 16 wakati Tanzania Bara na Uganda ni 18. Kifaa unachokihamisha bila thamani kwa sababu ERPNext ilikipokea hivyo kitaulizwa thamani yake pale mpakani.

Betri zina lake zaidi. Chini ya kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, betri za lithiamu zinazojulikana kuwa na kasoro ya kiusalama haziruhusiwi kupanda ndege kabisa. Hata nzima, zikisafirishwa peke yake chini ya namba UN 3480, hupanda ndege za mizigo tu zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Kwa hiyo "rudisha kwa saplaya", chaguo linalokaa vizuri kwenye kila menyu, kwa seli iliyovimba mara nyingi ni jambo la makaratasi: saplaya anatoa hati ya mkopo (credit note, yaani anakupunguzia deni) kwa kuona picha, vipimo na namba ya bechi, na seli inabaki Arusha ikisubiri mtu mwenye kibali cha kuiteketeza. Hakikisha programu inaweza kufunga dai la saplaya bila kulazimisha kipuri kiondoke stoo. Ile inayounganisha mkopo na kutoka kwa mali itakufanya udanganye mfumo, na ukishaanza kuudanganya kwa jambo moja utaendelea.

Kuhusu bechi sitabembeleza. Mwaka 2006 swichi ya kuwashia magari ya General Motors iliyokuwa na kasoro ilirekebishwa, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa. Swichi mbovu na nzima zikawa na jina moja kwenye kumbukumbu, na jambo hilo lilichangia kuwachanganya waliokuwa wakitafuta chanzo cha ajali kwa miaka, mpaka magari yalipoitwa kurudi mwaka 2014. Karakana yako ni ndogo, ila kanuni haibadiliki: seli 40 zikikutwa mbovu Arusha, swali linalofuata ni Kampala imepokea ngapi za bechi ile ile na zimeingia kwenye vifaa vipi. Programu zote nne zinaweza kujibu iwapo tu ulilazimisha namba ya bechi tangu mapokezi. Ikiachwa hiari haitaandikwa.

Ningechagua nini

Kwa karakana tatu ndani ya nchi moja, kampuni moja, kila moja ikiwa na mtu wa ubora wake: ERPNext na stoo ya rijekti, mbili kwa karakana na si zaidi, moja ya mashaka na moja ya kilichothibitika. Sababu za kasoro ziandikwe kwenye fomu ya ukaguzi, zisigeuzwe kuwa stoo.

Kwa elektroniki, vipuri vingi, uamuzi ukiwa sehemu moja na sampuli zikisafiri: InvenTree, na uhasibu ubaki ulipo. Weka pia eneo la chanzo kwenye kila oda ya uzalishaji, maana ikiachwa wazi oda ya Nairobi inaweza kuchukua stoki ya Kampala kana kwamba ipo chumba cha pili.

SAP ni ya kampuni ambayo tayari inayo au imelazimishwa na kampuni mama. Sijaona hoja ya kuinunua kwa ajili ya kreti nyekundu. Odoo naiona inafaa pale ambapo vipuri vibovu vingi ni vya bei ndogo na madai kwa saplaya ni machache. Ikiwa ni hivyo, tumia Scrap kwa vidogo na karantini ya nje ya Stock kwa vikubwa, na mpaka kati ya vidogo na vikubwa uwe kiasi cha shilingi kilichoandikwa ukutani.

Kabla ya kulipa senti, mwombe anayekuuzia afanye haya mbele yako bila kujiandaa. Apokee seli 200 Arusha zikiwa na bechi mbili. Atenge 40 za mashaka. Azipeleke Nairobi zikiwa bado za mashaka. Maabara ipitishe 25, ikatae 15. Dai la saplaya lifungwe bila seli kuondoka. Halafu akuonyeshe kwenye skrini moja bechi ile iko wapi katika karakana zote tatu, ikoje, na ina thamani gani. Akianza kuhamishia data kwenye Excel ili akupe jibu hilo, mshukuru kwa muda wake na umwite anayefuata.